Kununua Fereti kwa Rangi: Bei ya Dukani na Bei ya Baadaye

Fungua tangazo lolote la fereti, liwe la Marekani au la Uingereza, na mara nyingi utakutana na rangi kabla ya kitu kingine. Umri unafuata, jinsia inafuata, na habari za wazazi kwa kawaida hazipo kabisa. Fereti mwenye kichwa cheupe chote, au mwenye mstari mweupe uliopanda kutoka puani hadi kisogoni, aghalabu huwekewa bei ya juu kuliko ndugu yake wa rangi ya kawaida, hata kama walizaliwa siku moja na mama mmoja. Mnunuzi mgeni hulipa bila kubisha, maana mnyama anapendeza kweli.

Ninaandika kwa ajili ya mnunuzi huyo, hasa Waswahili walioko Leicester, Toronto au Minneapolis ambao watoto wao wamewahi kumbeba fereti wa jirani na sasa nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Jambo ninalotaka walishike kabla ya kutoa pesa ni hili: kwa mnyama huyu rangi haiishii kwenye manyoya. Baadhi ya madoa meupe yanayopandisha bei yana chimbuko moja na uziwi, na rangi ya macho inaweza kukujulisha hali ya masikio kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Kwa asiyemfahamu, fereti ni mnyama mrefu mwembamba wa jamii moja na nyegere, kicheche na fisi-maji. Wazungu walimfuga kutokana na mnyama wa mwituni wa Ulaya zaidi ya miaka 2000 iliyopita, wakimtumia kuwafukuza sungura watoke mashimoni. Kazi hiyo ingali hai vijijini Uingereza. Dume hufika kilo moja hadi mbili, jike karibu nusu ya hapo. Wengi huishi miaka sita hadi minane, na sehemu kubwa ya siku wanalala. Wakiamka wanacheza kwa nguvu zote, wanaiba soksi na funguo na kuzificha nyuma ya kochi. Ni mnyama mwenye uchangamfu mkubwa, na anastahili mnunuzi aliyejiandaa.

Sasa rangi zenyewe. Ile ya asili, aliyorithi kutoka kwa babu zake wa mwituni, ina nywele ndefu zenye ncha za kahawia iliyokolea au nyeusi, sufu ya krimu chini yake, na usoni alama kama barakoa. Waingereza hupenda kuiita kwa jina la yule mnyama wa mwituni. Wamarekani wameikatakata katika majina mengi: nyeusi, chokoleti, mdalasini, shampeni. Kuna rangi ya fedha, yaani nywele nyeupe zilizochanganyika na nyeusi. Kuna albino, mweupe mwenye macho mekundu. Kuna mweupe mwenye macho meusi au ya zambarau iliyoiva. Halafu yapo mabaka: soksi nyeupe miguuni, doa kifuani, mstari wa kichwani, na panda, ambaye kichwa na shingo yote ni nyeupe.

Kabla hujalipa zaidi kwa ajili ya chokoleti badala ya mdalasini, fahamu kwamba fereti hubadili manyoya mara mbili kwa mwaka, siku zinaporefuka na siku zinapofupika. Barakoa hupanuka, husinyaa, na kwa wengine hutoweka kabisa msimu mmoja ikarudi mwingine. Watoto huzaliwa na vinyweleo hafifu, rangi ikaanza kuonekana wakiwa na wiki chache. Wa fedha wengi huzidi kuwa weupe kadiri wanavyozeeka. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya vivuli viwili vya kahawia ni pesa unayolipia kitu ambacho huenda kisifike Krismasi. Kwa maoni yangu, kwa vivuli hivyo usiongeze hata dola moja.

Madoa meupe ni habari nyingine, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mnyama akiwa bado tumboni, seli zinazotengeneza rangi huanzia kwenye ukanda wa mgongo, kisha husafiri kwenda kila upande wa mwili. Zikikwama njiani, sehemu zisizofikiwa hubaki nyeupe. Sehemu za mbali kama vidole, tumbo na paji la uso ndizo hukosa kwanza. Lakini seli hizohizo zina kazi ya pili: baadhi yake huingia ndani ya sikio, kwenye koklea, na kusaidia kuweka sawa majimaji yanayowezesha neva kupokea sauti. Zisipofika huko, seli za kusikia hufa muda mfupi baada ya mnyama kuzaliwa. Sikio kwa nje ni zima na linachezacheza vizuri, ila ndani hakuna kinachosikika. Hali kama hiyo iko pia kwa mbwa weupe wenye madoa, kwa paka weupe wenye macho ya buluu, na kwa binadamu madaktari huiita sindromu ya Waardenburg.

Albino ni kisa tofauti kabisa, ingawa kwa macho ya haraka wote ni weupe. Seli zake za rangi zilisafiri na kufika kila zilikotakiwa, sikioni pamoja. Kinachokosekana ni kimeng'enya cha kutengenezea rangi yenyewe. Ndiyo maana kwa kawaida albino anasikia, na ndiyo maana macho yake ni mekundu: hakuna rangi ya kuziba damu iliyo nyuma ya jicho. Basi ukiletewa fereti wawili weupe pepe, mtazame kila mmoja machoni. Mwenye macho mekundu mchukue bila hofu kubwa ya masikio. Mwenye macho meusi ana weupe wa aina ile nyingine, yaani doa lililotanda mwili mzima, na huyo apimwe kabla pesa haijatoka mkononi.

Wala si uvumi wa wafugaji. Mwaka 2014 madaktari wa wanyama nchini Ufaransa walichapisha matokeo ya vipimo vya kusikia walivyowafanyia fereti 152 wa majumbani. Asilimia 29 walikuwa viziwi, wengi wao kwa masikio yote mawili. Panda wote na wenye mstari wa kichwani wote katika kundi hilo walikuwa na uziwi. Kuota weupe mapema kuliko umri nako kulihusiana na uziwi. Kuwa dume au jike, au kuwa na nywele ndefu, hakukuhusiana. Ukiyaweka matokeo hayo kando ya orodha ya bei, utaona soko linatoza nyongeza kwenye kasoro.

Kipimo cha uhakika ni kile cha kusoma mawimbi ya umeme ya ubongo sauti inapopigwa, na hufanywa kwa madaktari bingwa tu, kwa hiyo si rahisi kukipata wala si cha bei ndogo. Cha nyumbani hakigharimu kitu. Subiri fereti alale, simama nyuma yake pasipo kutikisa sakafu wala kupepea hewa, kisha bonyeza mwanasesere anayelia. Fereti anayesikia huwa haivumilii sauti ile. Atainua kichwa mara moja. Rudia akiwa macho ameelekea upande mwingine. Kiziwi wa sikio moja anaweza kukuponyoka katika jaribio hili, lakini wa masikio yote mawili utamgundua. Mwombe muuzaji ruhusa ya kufanya hivyo palepale.

Sisemi fereti kiziwi asinunuliwe wala asipendwe. Anaishi vizuri na familia inayomjua. Anaitwa kwa kugonga sakafu au kuwasha na kuzima taa, anaamshwa kwa kunusishwa mkono badala ya kushikwa ghafla, na anahitaji subira zaidi wakati wa kumfundisha asiume, kwa sababu hasikii mwenzake anapolia kwamba ameumizwa. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu ifikirie mara mbili. Ninachokataa ni mambo mawili: kumlipia bei ya juu kwa jina la rangi adimu, na kumzalisha ili kupata wengine kama yeye.

Albino naye ana upungufu wake, ila wa macho. Kwa wanyama wenye ualbino, nyuzi za neva kutoka jichoni hazigawanyiki ipasavyo kuelekea pande mbili za ubongo. Majaribio yaliyofanywa Ujerumani kwa fereti hasa yalionyesha kwamba albino hutambua mwendo wa vitu vibaya kuliko wenzao wenye rangi. Mwanga mkali nao unamsumbua. Nyumbani hutaona tofauti kubwa, maana fereti wote hutegemea zaidi pua. Wawindaji wa Uingereza wamempenda albino kwa karne nyingi kwa sababu nyepesi tu: akitoka shimoni jioni anaonekana, hachanganywi na sungura.

Tuje kwenye bei. Makadirio haya hupanda na kushuka kwa mji na msimu. Marekani, duka kubwa la wanyama huuza mtoto wa fereti kwa kiasi cha dola 150 hadi 400. Wengi wa fereti hao hutoka kwa wazalishaji wakubwa, na aliye mkubwa kuliko wote ni Marshall Farms wa jimbo la New York, kampuni iliyoanza mwaka 1939. Wanyama wake hutambulika kwa nukta mbili zilizochorwa sikioni. Huuzwa wakiwa tayari wamehasiwa na kuondolewa tezi za harufu za mkiani. Mzalishaji binafsi huweza kutoza kiasi hicho au zaidi, hasa kwa rangi anazoziita adimu. Kituo cha kuokoa wanyama hutoza pungufu, na mara nyingi fereti wawili waliozoeana hutolewa pamoja kwa punguzo. Uingereza mambo ni nafuu mno: mtoto kutoka kwa mfugaji wa kijijini, rangi ya asili au albino, hupatikana kwa pauni 10 hadi 50, na vituo vya kuokoa wanyama hujaa kila mwisho wa kiangazi.

Ukinunua dukani Marekani kwa sababu ya rangi ukitarajia kuja kuzalisha, umekwama tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mnyama hana uwezo wa kuzaa. Na kuhasiwa mapema kuna gharama yake. Fereti wengi wa umri wa kati hupata ugonjwa wa tezi za adrenali: nywele hunyonyoka kuanzia mkiani, jike huvimba uke, dume hushindwa kukojoa. Mwaka 2000 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakiongozwa na Nico Schoemaker, walionyesha kwamba ugonjwa hufuata kuhasiwa kwa wastani wa takriban miaka mitatu na nusu, kwa hiyo anayehasiwa mapema huugua mapema. Upasuaji wake Marekani hupita dola 1000 kwa urahisi. Wengi sasa huchagua kipandikizi cha dawa ya deslorelini chini ya ngozi, dola mia moja na hamsini hadi mia tatu na zaidi, kinachorudiwa kila baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Ulaya kipandikizi hicho hutumika badala ya kuhasi, na mimi ndiyo njia ninayoipendelea kwa mnunuzi anayeweza kumpata daktari mwenye ujuzi nayo.

Ongeza yafuatayo kwenye hesabu yako, maana hayabadiliki kwa rangi. Kizimba kizuri cha ghorofa ni dola 150 hadi 300. Chanjo ya distempa ni lazima, kwani ugonjwa huo ukimpata fereti asiyechanjwa karibu kila mara humuua. Marekani ongeza na ya kichaa cha mbwa. Chakula ni nyama au chakula kikavu chenye protini na mafuta mengi. Utumbo wake ni mfupi, chakula hupita kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo wali na ugali havimfai, na matunda yasimkaribie. Uingereza wafugaji wengi huwalisha vifaranga waliogandishwa, chakula cha bei ndogo na kinachofaa kuliko pakiti nyingi. Akimeza kipande cha mpira wa kiatu na kuziba utumbo, jiandae kwa upasuaji wa dola elfu na zaidi. Weka akiba hiyo kabla hujaweka rangi kwenye mawazo.

Wapo watakaotaka kuzalisha wenyewe, wakiamini uzao mmoja wa rangi nzuri utarudisha gharama zote. Kwa upande wa urithi, albino ndiye rahisi kuliko wote. Rangi yake hujificha: wazazi wawili wa rangi ya asili wanaobeba jeni hiyo hutoa albino mmoja kati ya kila wanne kwa wastani, albino na mbebaji hutoa nusu kwa nusu, na albino wawili hutoa albino watupu. Kwa hiyo anayekuuzia albino kwa bei ya adimu anakudanganya. Mabaka meupe hayatabiriki hivyo. Wazazi wenye soksi tu wanaweza kuzaa panda, na katika uzao huohuo wakaja viziwi ambao hakuna aliyewapanga.

Lakini gharama kubwa iko kwa jike. Jike wa fereti hashushi yai mpaka apandwe. Mwanga wa siku unaporefuka, kwenye mwezi wa Machi hivi, anaingia joto, na asipopandwa anabaki katika joto hilo kwa miezi. Homoni ya estrojeni inayozidi kujaa mwilini inakandamiza uboho wa mifupa, damu inapungua, na wengi hufa. Anayechagua kwa rangi mara nyingi anasubiri dume wa rangi anayoitaka kutoka mji mwingine, na kila wiki anayosubiri ni ya hatari kwa jike wake. Waingereza wana suluhisho la miaka mingi: dume aliyefungwa mirija, anayempanda jike bila kumpa mimba, na joto likaisha. Vilabu vya wafugaji hukodisha dume huyo kwa pesa ndogo. Sindano ya homoni kwa daktari ni njia nyingine. Asiye na moja ya njia hizi asifuge jike asiyehasiwa, hata awe wa rangi gani.

Mimba huchukua siku 41 au 42, na wastani wa watoto ni wanane. Tuseme Uingereza umewauza wote kwa pauni 30 kila mmoja. Hiyo ni pauni 240. Ndani yake kuna chakula cha mama anayenyonyesha wanane, chakula cha watoto mpaka wiki ya nane, chanjo, na matandiko. Mtoto mmoja akikwama na jike akahitaji kupasuliwa, fedha hiyo yote haitoshi kulipa daktari. Isitoshe, watoto huanza kusikia baada ya mwezi mmoja hivi, kwa hiyo mzalishaji mwaminifu hawezi kukuahidi masikio ya mtoto wa wiki tatu. Anayechukua malipo ya awali kwa panda ambaye hajafungua hata macho anauza bahati nasibu.

Neno moja kuhusu Angora, fereti wa nywele ndefu aliyetokea Skandinavia, ambaye huuzwa ghali kupita wote. Ana mikunjo na nywele puani, na majike wengi wa ukoo safi hukosa maziwa ya kutosha, kwa hiyo mzalishaji hulazimika kuwa na jike wa kawaida aliyezaa wakati uleule ili alee watoto. Sehemu ya bei yake inalipia usumbufu huo. Kwangu mimi aina isiyoweza kunyonyesha watoto wake haifai kuongezwa, na sioni sababu ya kuigharimia.

Halafu sheria, maana kuna watu wamenunua kwanza kisha wakauliza. California na Hawaii haziruhusu fereti wa kufugwa nyumbani. Jiji la New York pia halimruhusu, ingawa jimbo lenyewe halina shida naye. Mwaka 2015 bodi ya afya ya jiji ilipiga kura na katazo likabaki. Queensland nchini Australia ni marufuku. New Zealand, ambako fereti waliletwa karne ya 19 kupunguza sungura wakaishia kuwaua ndege wasiojua kuruka, ilipiga marufuku kuwauza na kuwazalisha mwaka 2002. Kwa sababu hiyohiyo nisingependa kumwona yeyote akirudi likizo Pemba au Unguja na fereti kwenye kikapu. Ndani ya Ulaya kusafiri naye ni rahisi zaidi: pasi ya wanyama ya Umoja wa Ulaya hutolewa kwa mbwa, paka na fereti, akiwa na chipu na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Basi mimi ningenunua vipi? Uingereza, ningekwenda kituo cha kuokoa wanyama mwezi wa Septemba kinapojaa, nikachukua wawili waliokwisha kua, wa rangi ya asili au albino, ambao wahudumu wanajua tabia na masikio yao. Marekani vilevile, na duka lingekuwa la mwisho kwenye orodha. Moyo wangu ukiangukia panda katika kituo hicho, ningemchukua nikijua ni kiziwi, kwa ada ileile ya wengine. Kwa mzalishaji ningeuliza wazazi wote wawili wamepimwa masikio lini na nani, wana umri gani, na kama kati ya ndugu zao kuna aliyepata ugonjwa wa adrenali. Ningetaka majibu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha kurudishiwa fedha endapo mtoto atapatikana ni kiziwi ndani ya wiki mbili.